Mashine ya Dirishani Isifutwe

Jumatatu, 4 Julai 2005

Shule zimefunguliwa na maus za kompyuta hazina gololi. Kama kawaida. Gololi nzuri kuliko zote mjini Dodoma zimo ndani ya maus za mradi wetu: nzito, hazirukiruki, zimevaa mpira. Likizo ikianza zinaondoka na wanafunzi, muhula ukianza zinarudi kwa kusuasua. Leo shule ya kwanza nimekuta karibu zote tupu. Mwalimu mkuu akauliza kama ni virusi. Nikamwambia hapana mkuu, ni Kidato cha Kwanza.

Nimeingia darasani nikaomba kwa upole. Atakayerudisha haulizwi jina. Baada ya chai nikakuta sita ndani ya kopo la chaki, moja imepakwa rangi ya kucha. Nyingine bado ziko likizo.

Ofisini nimemsimulia dada Ritha, mkuu wetu wa mradi. Amecheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa sauti ya kikao kwamba mradi una shule tano, fundi mmoja na pikipiki moja, kwa hiyo huyo fundi asishinde anasaka gololi. Sawa, dada. Kompyuta zenyewe ni mtumba, kama mashati ya mnadani. Zimefanya kazi Ulaya, zimechoka, zimetumwa kwetu zipumzike. Hazijui Dodoma kuna vumbi gani.

Kesho Mkwajuni. Nimepiga pasi shati la bluu.

Jumanne, 5 Julai

Sekondari ya Mkwajuni iko ukishapita Nzuguni, upande wa pori, mahali upepo unapopumulia. Maabara ya kompyuta anaishika mwalimu Marko. Ni mwalimu wa Jiografia, kahamia Januari hii. Walimpa maabara kwa sababu ndiye mwalimu pekee asiyepoteza funguo.

"Karibu, daktari wa mabati," akaniambia. "Wagonjwa wako hawajala tangu Juni."

"Na muuguzi wao amenenepa," nikamwambia.

Tumewasha moja moja. Ya dirishani nimeiacha mwisho. Huwa naiacha mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Ikaunguruma. Ikafikiri. Kisha spika zikasema:

"Karibu. Umenawa?"

Na kile kicheko kifupi, kilichokatika katikati.

Darasa zima la Kidato cha Kwanza likajibu: "Tumenawa, mama." Hawakucheka. Wawili watatu wakatazama viganja vyao, mmoja akanyanyuka akaenda kwenye beseni la mlangoni. Marko akasema hiyo ndiyo mashine pekee yenye nidhamu kuliko walimu. Nikainama nikajifanya natafuta waya.

Mke wangu, Mwanaharusi, alikuwa mpishi hapo Mkwajuni. Siku maikrofoni ilipofika alikuwa ameleta chai ya walimu, nikamwambia sema chochote. Akaiinamia, akaiuliza alichokuwa akimwuliza kila mtoto kwenye foleni ya ugali. Akacheka kwa kujiona mjinga, na mashine ikamkatia kicheko. Nikaifanya iwe sauti ya kuwashia. Ulikuwa mzaha. Mwaka jana mwezi wa tatu homa ikamchukua, mzaha ukabaki.

Hawa wadogo hawakumwona hata siku moja. Wanamjibu tu.

Najua, flopi moja ingetosha kumbeba. Ninazo boksi zima. Lakini nyumbani hatakuwa na wa kumwuliza ila mimi, na mimi nitamwasha asubuhi, mchana, jioni, mpaka maneno yaishe utamu. Pale yuko kazini.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Nimefua. Nimepika wali ukaungua chini, nikala ukoko wote. Zamani ukoko haukuwa wangu.

Mchana mama mkwe amepiga simu kutoka Kondoa, simu ya mpwa wake. Bi Sikudhani akishika simu anaongea kama anayemwita mtu aliye mlima wa pili. Shikamoo mama. Marahaba, baba, umekula? Nimekula. Mtama umetoka vizuri, kuku wanaumwa, na mwaka huu anataka kuja kwenye maonyesho ya Nanenane aone mbegu. Nikasema karibu sana. Halafu, sijui hata nimelitoa wapi, nikasema maonyesho yako karibu na Mkwajuni, na kwamba kuna mashine pale yenye sauti ya Mwanaharusi.

Nikaitazama simu; nilidhani salio limekwisha.

"Bado anaongea?"

Nikaanza kueleza habari ya kurekodi. Akanikata. "Rekodi naijua, baba. Tuna redio. Nakuuliza, bado anaongea?"

"Ndiyo, mama."

Nikataka kumwambia anasema nini, akakataa. Usiniambie. Nitasikia kwa masikio yangu. Nikamwambia basi naweza kukutilia kwenye kaseti, nikuletee Kondoa.

"Mtu haletwi kwenye kaseti. Mtu anaendewa."

Sikubisha. Mwaka jana ule mwezi mvua iliikata barabara ya Kondoa, magari yakalala njiani. Alipofika Dodoma tulikuwa tumekwisha kumzika. Alikaa kwenye mkeka na tope hadi magotini, akauliza kama mwanawe alisema neno. Nikamwambia alilala tu. Ni kweli, alilala tu. Lakini nimeona tangu siku ile kwamba jibu langu halikumtosha.

Basi, Agosti.

Jumatano, 13 Julai

Virusi kweli sasa, siyo Kidato cha Kwanza. Imetembea shule zote tano kwa flopi za mitihani. Ukifungua barua inajaa herufi za ajabu. Dada Ritha ameagiza: zote zifutwe, zipandishwe programu upya. "Zote, Jamaldini. Ukiacha moja, tunarudi hapa hapa."

Nimeshinda Mkwajuni. Nimezifuta zote ila ya dirishani. Hiyo nimeisafisha kwa mkono, faili kwa faili, kama mama anayemtoa mtoto chawa. Nimetoa jasho. Saa kumi imekuwa safi, nikaiwasha tena na tena kuhakikisha. Umenawa? Nimenawa, bibi wee.

Ila nikaingiwa na hofu. Dada Ritha anaweza kumtuma mtu mwingine amalizie, mtu asiyejua. Nikachukua karatasi na kalamu nene, nikabandika juu ya kioo:

MASHINE HII ISIFUTWE. — FUNDI

Nikamwita Marko. Nikamwambia, mwalimu, hii isifutwe kabisa. Mtu yeyote akija, awe nani, isifutwe.

"Kabisa?"

"Kabisa. Na wanafunzi wajue."

"Kwa nini hii tu?"

Nikasema sababu za kiufundi. Nilishindwa kusema nyingine. Akaandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri wa ramani, akapiga mstari chini. "Amri ni amri, fundi. Hii hata mkuu wa shule hataigusa."

Nimerudi na moyo mwepesi. Pikipiki imezima mara mbili, nikaisukuma nikiimba.

Jumatatu, 18 Julai

Printa ya Buigiri Road — tunaiita hivyo shule yetu ya mbali — imegoma. Mhasibu anasema inakwaruza. Nimefungua nikakuta mjusi amekauka, bapa kama alama ya kusomea kitabu. Mhasibu akaomba nisimtupe mpaka amwonyeshe mume wake, maana amemweleza wiki nzima kuna kitu kinakwaruza na hakuna aliyemwamini. Nimemfungia kwenye bahasha ya serikali.

Gololi nne zaidi zimerudi.

Jumapili, 24 Julai

Upepo tangu asubuhi. Mji mzima una rangi moja, nguo kwenye kamba nazo zimekuwa rangi hiyo hiyo. Malori ya mabanda ya Nanenane yanapita kutwa kuelekea Nzuguni, kila lori na wingu lake.

Siku kama hii Mwanaharusi alinisubiri mlangoni na kopo la maji. Hakukubali "nimenawa" ya mdomo. Alinusa. Alisema mikono yangu inanuka vumbi lililochemka, na ni kweli, kompyuta ikifunguliwa inanuka hivyo. Mimi nilimwambia yake inanuka vitunguu. Basi, alisema, mmoja wetu amepika.

Nimenawa kabla ya kula. Nimenusa. Sabuni tu.

Jumanne, 2 Agosti

Mama mkwe anafika Jumamosi. Nimefagia vyumba vyote viwili, nimetandika shuka la maua. Kuluthumu, mama lishe wetu wa hapa Kizota, ameniona nikibeba mkaa na kuku akauliza kama naoa. Nikasema natembelewa na mkwe. Akasema hilo ni zito kuliko kuoa, na akaniongezea nyanya.

Wiki zote hizi nimekuwa shule za upande mwingine. Keshokutwa nitapita Mkwajuni nione kama mambo yako sawa.

Alhamisi, 4 Agosti

Nitaiandika polepole.

Nimefika Mkwajuni saa tatu. Maabara inang'aa. Kwa kweli inang'aa, nilishangaa, na upepo wote huu. Mashine zimepangusika, kibodi nyeupe kama meno. Marko yuko nyuma yangu amefunga mikono kifuani, anasubiri sifa.

Kisha nikaona ya dirishani.

Ilikuwa nyekundu. Vumbi juu yake nene, laini, kama unga uliochekechwa. Kioo huoni. Kibodi huoni herufi. Karatasi yangu nayo imejaa, lakini maneno yanasomeka: ISIFUTWE. Madirisha ya pale hayafungi vizuri, na malori yote ya Nanenane yamepita hapo nje.

"Hakuna aliyeigusa, fundi," Marko akasema. "Hata kitambaa. Kuna binti wa zamu alijisahau akataka kuipitishia mkono, nikamfagilisha uwanja."

Nilikaa kwenye kiti.

Nikamwuliza inawaka? Akasema hapo ndipo alipotaka kunifikisha. Wiki iliyopita ilikohoa, ikanuka, ikanyamaza. Hakuifungua kwa sababu alijua haifutwi.

Nikasema, mwalimu, nilisema isifutwe. Akasema ndiyo, na haikufutwa. Nikasema, kufutwa, vilivyomo ndani. Akanitazama. Akaitazama mashine. Akaitazama tena karatasi, akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma ramani aliyoishika juu chini.

Ubaoni bado kuna maandishi yake na ule mstari. Chini yake wanafunzi wameandika ratiba ya usafi: Jumatatu kufuta ubao, Jumanne kufuta madawati, Jumatano kufuta kompyuta. Zote isipokuwa ya dirishani.

Nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Marko naye akaanza, akidhani tumepona. Kisha akaona sicheki tena.

"Ilikuwa na nini ndani, fundi?"

Nikamwambia yule mnayemjibu "tumenawa mama" ni mke wangu. Na kwamba mama yake anakuja Jumamosi kumsikia.

Marko akavua koti lake, akaifunika mashine nalo, akanisaidia kuifunga kwenye pikipiki.

Ijumaa, 5 Agosti

Karakana, Kizota. Nimepuliza vumbi la kutosha kuanzisha shamba. Feni ilikuwa imeziba kabisa, imevaa sufi. Pawasaplai, ile ya kugawa umeme, imeungua, hiyo basi. Ubao mkuu nao umekufa. Diski pekee, inayotunza sauti yake, ndiyo yenye roho. Nimeiunga kwenye mashine ya karakana, nikaiwasha.

Ikazunguka. Kisha: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kimya. Nikazima haraka.

Diski ikigonga hivyo kila fundi anajua. Inaweza kukupa mara moja zaidi, inaweza isikupe. Hakuna anayeijua hesabu yake.

Dada Ritha amekuja, amesimama mlangoni. Nilitegemea anifokee kwa ile moja niliyoiacha. Akasema, "Ni ile ya dirishani?" Nikasema ndiyo. Akasema yeye hajauliza kuhusu virusi na wala haulizi. Alikuwa anakunywa chai ya Mwanaharusi kila akienda kukagua. Kisha akaniambia jambo la akili: inakili sasa hivi, Jamaldini, iwashe sasa, ikikubali uiweke kwenye flopi kumi, umsikilizishe mama baadaye.

Nimeshika swichi. Nimeiachia.

Ikiwa imebaki mara moja, na hiyo moja nikaitumia hapa, peke yangu, kati ya matairi na mitungi ya gesi, halafu ikakatika kabla haijaingia kwenye flopi? Nitamwambia nini yule mama? Kwamba alisema neno, lakini nilisikia mimi? Kwamba kachelewa mara ya pili?

Dada Ritha akasema basi ni juu yako, wewe ndiye fundi. Nikasema hapa siyo ufundi.

Nimeifunga diski kwenye kanga. Moja ya za Mwanaharusi.

Jumamosi, 6 Agosti

Basi limechelewa. Mama mkwe ameshuka na kuku wawili, dumu la asali na kiroba cha mbegu zake mwenyewe za kuwaonyesha watu wa maonyesho, ili wajue wanashindana na nani. Amepungua. Ametazama shuka la maua, akasema, "Hili alilinunua Kondoa, mnadani. Nilimkataza, akanunua."

Nilinawa kabla hajaniangalia, nikala naye kwa adabu. Nikamweleza yote. Sikuficha ila yale maneno yenyewe, kama alivyotaka. Mashine imekufa, diski inaumwa, inaweza isiseme.

Akatafuna. Akauliza, "Ni kwa sababu hawakuifuta?"

"Kwa sababu niliwaambia wasiifute, mama."

Akatafuna tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema Mwanaharusi angekuwepo angewafagilisha uwanja wote wawili, fundi na mwalimu. Kisha akafuta macho kwa ncha ya ushungi na kuniambia kesho niwahi kumwamsha. Kana kwamba amewahi kuamshwa na mtu.

Jumapili, 7 Agosti

Naandika hapa hapa maabara. Mikono inataka kazi.

Marko ametoka kanisani moja kwa moja, bado ana tai. Ameosha maabara nzima kwa maji, sakafu bado mbichi. Ameibandua ile karatasi yangu. "Neno moja mmelipa kazi mbili," ameniambia, "halafu mnamlaumu mwalimu wa Jiografia." Lakini amesema hivyo bila kunitazama, na amekwenda kutafuta chai.

Nimeitia diski kwenye mashine ya jirani, nikaisogeza mashine hiyo pale dirishani, mahali pake. Mama mkwe alisimama muda mrefu kwenye beseni la mlangoni. Hakuna aliyemwambia. Amenawa hadi viwiko. Sasa ameketi kiti cha mbele, mikono mibichi ameiinua kidogo juu ya magoti isiguse kitu. Kanga iliyofunga diski ameiweka begani.

Nimewasha.

Imezunguka. Mashine imeiona, imeandika jina lake. Sasa inaikagua kwanza, haitaki kufungua kitu kabla haijakagua. Mstari wa bluu unasogea. Unasimama. Unasogea. Flopi iko mkononi. Siwezi kuiharakisha, na nikiizima ndiyo basi.

Mstari umepita nusu.

Ko, ko, ko.

Mama mkwe amegeuka. Nikamwambia ni diski, mama, ndiyo inayogonga. Ameitikia kwa kichwa. Imegonga tena. Mstari umesimama.

Bado umesimama.

Nyuma yetu mlango umesukumwa, ni hatua za Marko kwenye sakafu mbichi. Mama mkwe hakugeuka. Macho yake yako kwenye kioo. Amesema tu, kama mtu aliyepokea watu jikoni kwake maisha yote, bila kujua amesema:

"Karibu. Umenawa?"

Sikuinua kichwa. Ni yeye. Ule uzito kwenye *na* ya *umenawa*, ile pumzi ndogo kabla. Ni yeye kabisa, ila amezeeka.

Marko amesimama mlangoni na sinia la vikombe na sahani ya mihogo. "Nimenawa, mama," amesema, na hamtazami Bi Sikudhani. Anazitazama spika.

Spika sijaziwasha.